Anayeonja ni Mmoja

Mafua yalikuja Jumatatu, yakakaa siku nne, na yalipoondoka yaliondoka na pua yangu. Pua yenyewe ilibaki mahali pake, nyekundu na imevimba, lakini kazi yake iliisha. Ijumaa asubuhi nilifungua mtungi wa siki jikoni, nikainamisha uso juu yake, nikavuta pumzi hadi mbavu zikauma. Hakuna harufu. Nikachovya kidole, nikalamba, nikaona maji. Nikatafuna punje nzima ya kitunguu saumu kibichi, na kwa ladha niliyoipata ningeweza kuwa natafuna chaki.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kumwambia daktari na kuendelea na maisha. Kwangu ulikuwa msiba. Mimi ni mpishi mkuu wa chuo cha upishi, na wanafunzi wakidhani siwasikii huniita Ulimi. Mbele yangu wananiita Mwalimu, na ni heri yao. Jina la Ulimi sikuliokota. Niliwahi kuonja mchuzi nikamwambia mtu kwamba karoti zake zilikatwa kwa kisu kilichotoka kukata limau, naye akakiri mbele ya darasa zima.

Jikoni kwangu kuna sheria moja, niliyoitunga mwenyewe na kuiandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango: ANAYEONJA NI MMOJA. Mmoja huyo ni mimi. Nililikuta lile jiko kila mtu ana kijiko mfukoni na maoni mdomoni, sufuria zinafika mezani nusu, na mchuzi mmoja una mawazo ya watu wanane. Nikakomesha. Kutia viungo utatia nikikuagiza, kukoroga utakoroga, lakini ukikamatwa unaonja, unaosha masufuria wiki nzima. Mwanafunzi mmoja aliwahi kulia, na sikumbembeleza.

Sasa niseme na la aibu, kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini niliogopa kiasi kile. Mpishi mkuu aliyenitangulia alipoanza kuzeeka, chumvi yake ikawa inapanda na kushuka. Aliyekwenda kumwambia Mkuu wa chuo ni mimi. Nilisema ni kwa faida ya chuo, na labda ilikuwa kweli, lakini pia nilikitaka kiti chake, tusidanganyane. Wiki hiyo hiyo yule mzee akahamishiwa stoo kugawa aproni na vitambaa, na mwaka haujaisha akaacha kazi mwenyewe. Kwa hiyo nilijua vizuri mpishi asiyeonja hupelekwa wapi. Nikaamua kufa na tai shingoni.

Ujanja wa kuonja usichokionja uko usoni. Unachota kijiko, unapuliza, unakunywa, unafumba macho, unahesabu kimoyomoyo hadi tatu, kisha unasema, "Kidogo tu." Usiseme kidogo cha nini. Hakuna mpishi asiyeshuku kwamba chakula chake kimepungukiwa na kitu, na ukimwambia "kidogo tu" atakwenda kukitafuta mwenyewe na kurudi na shukrani. Yaliyobaki niliyafanya kwa masikio na vidole. Vitunguu vikikaribia kuiva sauti yake hushuka. Wali unaujua ukiubonyeza. Chumvi nikaanza kuipima kwa mizani, mimi niliyekuwa nawacheka wanaopima.

Wiki tatu zikapita. Chakula kikaendelea kusifiwa, sahani zikaendelea kurudi tupu. Nikaanza kuvimba kichwa. Nikasema kumbe ulimi wenyewe ulikuwa pambo tu, kazi yote inafanywa na akili.

Halafu ikaja Meza ya Dunia.

Kila mwaka chuo chetu hualika wageni arobaini na kuwapikia vyakula vya asili vya nchi tano, siyo kwa kubahatisha, bali kama wenyewe wanavyovipika. Mwaka huu tulikuwa na kimchi ya Wakorea, kabichi iliyokolezwa pilipili na kuachwa ichachuke ndani ya mitungi hadi inatoa mapovu. Tulikuwa na dolma ya Waturuki, wali uliofungwa ndani ya majani ya mzabibu, kila kifurushi kinene kama kidole. Tulikuwa na risoto ya Waitalia, mchele ambao ukiuacha dakika mbili bila kuukoroga unakununia. Tulikuwa na mole ya Wameksiko, mchuzi wa kuku wenye pilipili kavu za aina nne, ufuta na chokoleti kidogo, unaosagwa hadi mkono ukate tamaa. Na tulikuwa na boshti, supu nyekundu ya Waukraine ya viazisukari vyekundu, yaani bitiruti, kabichi na mifupa ya ng'ombe.

Boshti ndiyo iliyoninyima usingizi. Hizo nyingine nilishazipika miaka iliyopita na mkono wangu ulizijua. Boshti sikuwahi kuipika hata siku moja. Na kana kwamba hiyo haitoshi, Mkuu wa chuo aliingia jikoni siku mbili kabla, anameremeta, akasema, "Mwalimu, nimepata mgeni wa heshima. Kuna mama wa Kiukraine anafundisha piano hapa mjini. Amekubali kuja kutuonjea boshti."

"Hongera, Mkuu," nikasema.

"Nimemwambia tuna mtu hapa mwenye ulimi ambao haujawahi kukosea."

"Ungenyamaza tu, Mkuu."

"Unyenyekevu huo," akasema, akaondoka akijipangusa suti.

Jikoni tulikuwa wanne. Msaidizi wangu tulimwita Saa Sita, kwa sababu kila ukimuuliza chakula kitakuwa tayari lini hukujibu saa sita, hata kama sasa ni saa nane. Mkate aliushika Mzee wa Tanuri, aliyekuwa pale kabla yangu na kabla ya umeme. Na mboga zilimenywa na wifi yangu, mke wa kaka yangu. Kaka ndiye aliyeniomba nimtafutie mkewe kazi. Nikampa wifi kisu na kiti cha pembeni, na hapo nikamwacha miaka kumi na mmoja. Mimi naye tunataniana kama mawifi wowote, ila utani wangu ulikuwa na meno. Nikienda kwao kula Jumapili, kabla sijakaa nauliza, "Leo umetupikia, wifi, au umetuchemshia?" Yeye hucheka, ananipakulia.

Boshti nikaipika siku moja kabla, kwa kuwa vitabu vyote vilikubaliana kwamba ikilala inakuwa bora. Chumvi nikaipima kwa mizani, gramu kwa gramu, nikaitia, nikafunika. Asubuhi yake tukaipandisha sufuria kubwa kwenye jiko la karibu na mlango, moto mdogo, ipate joto taratibu. Mimi nikageukia mole, ambayo ilitaka macho yangu yote. Nyuma yangu watu walipita, kama watu wanavyopita jikoni siku ya wageni. Sikugeuka. Ningegeuka kwa nini? Sheria ilikuwa juu ya mlango.

Wageni wakaketi. Dolma ikatoka, nikachungulia kwenye kile kidirisha cha duara cha mlango, nikaona watu wanatabasamu. Kimchi ikatoka, mzee mmoja akatokwa na machozi, akaomba nyingine. Nikapumua. Boshti ikatoka katika mabakuli meupe, kila moja na kijiko cha krimu chachu juu yake, na hata kwa macho peke yake ilikuwa ya kupendeza.

Mhudumu akarudi baada ya dakika moja. "Mwalimu, wanaomba maji."

"Wapelekee."

"Nimepeleka. Wanaomba tena."

Nikachungulia. Mkuu wa chuo alikuwa ameshika leso mdomoni. Yule mama wa piano alikuwa anahamisha krimu yote ya jirani yake kuingiza kwenye bakuli lake, kwa utulivu, kama daktari anayefunga kidonda. Kisha akasimama. Akaweka kitambaa mezani, akaja moja kwa moja kuelekea mlangoni kwangu, na Mkuu wa chuo nyuma yake.

Waliingia. Alikuwa mama mfupi, mvi zimefungwa kisogoni, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi ya walimu wetu. "Shikamoo, Mama Mpishi," akasema, ingawa tulikuwa rika moja. "Hii boshti umeionja?"

"Nimeionja," nikasema. Uongo huo ulitoka wenyewe, kwa mazoea.

Mkuu akatazama sakafu. "Mwalimu, hebu ionje tena. Hapa, mbele yetu."

Saa Sita, Mzee wa Tanuri na wifi wote walikuwa wamesimama. Nikachota. Nikapuliza. Nikanywa. Ilikuwa moto, ilikuwa nzito, na zaidi ya hapo sikuambulia kitu. Nilijua kuna kasoro, lakini kasoro gani? Imepungua? Imezidi? Chachu? Watu huomba maji kwa sababu nyingi. Nilifumba macho, nikahesabu hadi tatu, na kwa kuwa nilikuwa nimepima kwa mizani na kujihofia siku zote kwamba nimebana mkono, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika:

"Chumvi. Imepungua kidogo tu."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Kama wangecheka ningewakasirikia, na hasira ningejua la kuifanya. Walinitazama tu, kwa huruma, na huruma yenyewe haikuwa na mshangao ndani yake. Nikaelewa kwamba walikuwa wanajua.

"Mwalimu," akasema Saa Sita, "kosa ni langu. Nimeongeza chumvi. Vijiko viwili."

"Umeionja?"

"Mimi?" Alishtuka kana kwamba nimemwuliza kama ameiba. "Ningeonjaje, Mwalimu? Sheria si ile pale? Nimetia tu. Nilikuona wiki iliyopita umekunywa maziwa yaliyoharibika, ukanimiminia na mimi ukisema yako safi. Nikajua. Vyakula vyetu vya kila siku mkono wako unavijua, sikuwa na wasiwasi. Ila hii supu ni ngeni. Nikasema nisikuache uumbuke mbele ya wageni."

Mzee wa Tanuri akakohoa. "Mwanangu, na mimi nimetia. Kiganja."

"Kiganja, Mzee?"

"Kidogo hivi." Akakunja mkono wake uliozoea kukanda unga, na ulikuwa mkono mkubwa. "Mkate uliungua nyuma yako wiki mbili zilizopita, moshi mpaka darini, wewe unaniuliza kama umeshaiva. Nikamwambia mke wangu, huyu mtoto amepatwa na jambo. Na mimi sikuonja. Siwezi kukuvunjia heshima."

Wakati huo Mkuu wa chuo alikuwa bado anachunguza sakafu, na masikio yake yalikuwa mekundu.

"Mkuu?" nikasema.

"Nilipita tu," akasema. "Asubuhi. Kusalimia. Nikaona kibakuli cha chumvi kiko wazi."

"Mkuu wa chuo."

"Wiki tatu hujalalamikia manukato yangu, Mwalimu! Zamani kila nikiingia hapa ulikuwa unanifukuza, unasema naharibu mchuzi. Nimejaribu hata kuyazidisha. Nikajua pua imekwenda. Nikasema huyu akikosea leo mbele ya bodi ya chuo iliyoko mezani, watanilazimisha nimhamishe, na mimi sitaki kumhamisha." Akajipangusa jasho. "Ilikuwa ni vijiko vitatu."

Yule niliyemkimbia wiki tatu, niliyejifunza kutazama kijiko kwa uso mkavu kwa sababu yake, alikuwa ameingia kwa kunyata na suti yake kunitilia chumvi. Niliketi kwenye gunia la viazi.

Mama wa piano alikuwa amesikiliza yote, mikono kifuani. "Kwetu," akasema, "supu ikizidi chumvi, mezani wanamtania mpishi, wanamuuliza amempenda nani." Akawaangalia mmoja mmoja, Saa Sita, Mzee, Mkuu. "Hapa sina haja ya kuuliza."

Nilicheka, na katikati ya kicheko nikalia, nikajifuta kwa aproni. Sikuwa nimelia jikoni tangu nikabidhiwe jiko lile, ukiacha vitunguu.

Nikamgeukia wifi. Alikuwa amerudi kwenye kiti chake, kisu mkononi. "Na wewe?" nikamwuliza. "Wewe ulitia kiasi gani? Kikombe?"

"Vijiko viwili vidogo," akasema.

"Kwa kubahatisha, kama wenzako."

"Hapana, wifi. Niliionja."

Saa Sita alivuta pumzi kwa nguvu. Wifi akaendelea kumenya kiazi alichokuwa amekishika, hakuinua uso. "Niliionja alfajiri, ikawa imepooza. Nikaongeza kijiko, nikaonja. Nikaongeza kingine, nikaonja. Ikakaa sawa. Nikafunika. Hawa walikuja baadaye."

"Na zile siku nyingine? Wiki tatu zote?"

"Hizo nazo."

Kumbe akili yangu iliyofanya kazi bila ulimi ilikuwa ulimi wa wifi. Zile sifa zote, zile sahani tupu, kile kichwa nilichokivimbisha, vilitoka kwenye kiti cha pembeni cha mboga. "Ulijuaje?" nikamwuliza.

"Jumapili ile baada ya mafua," akasema, "ulisifia mchuzi wangu."

"Basi?"

"Ulisema mtamu. Miaka kumi na mmoja, wifi. Ulipotoka tu nikamwambia kaka yako kwamba dada yake ni mgonjwa."

Mzee wa Tanuri aligeukia ukuta, mabega yakawa yanatikisika. Mimi sikuweza kucheka hilo. Nilikuwa najaribu kukumbuka kama mchuzi ule ulikuwa kweli mtamu, na ule wa Jumapili ya kabla yake, na ya kabla ya hiyo, wakati ulimi wangu ulikuwa mzima na mdomo wangu umejaa utani. Ulikuwa mtamu. Siku zote ulikuwa mtamu, na nilijua.

Lakini wageni arobaini walikuwa wanakunywa maji, na majuto hayapozi supu. Nikasimama. "Risoto na mole zitangulie," nikamwambia mhudumu. "Boshti itarudi mwishoni. Waambie ndivyo inavyoliwa."

"Sivyo inavyoliwa," akasema mama wa piano.

"Leo ndivyo," nikamwambia, naye akavua pete zake, akaziweka mfukoni, akaomba kisu.

Tukachemsha sufuria ya pili bila chembe ya chumvi. Mama wa piano akakata kabichi nyembamba sana, akisema mama yake angempiga kwa kipande kinene hivi tulivyokata sisi. Mzee akamenya viazi, Mkuu wa chuo akavua koti na kukwangua viazisukari hadi shati lake likaonekana kama la mchinjaji. Supu ya zamani tukaipunguza nusu, mpya tukaimimina juu yake. Kisha sote tukasimama kuizunguka sufuria, na kikaja kile kipindi ambacho kwa miaka yote mtu mmoja tu ndiye aliyenyoosha mkono.

"Onja, wifi," nikasema.

Aliangalia juu ya mlango, kwenye yale maandishi mekundu. Mkuu wa chuo naye akayaangalia, akanitazama. "Kuanzia leo anayeonja ni nani, Mwalimu?" akauliza, kwa upole. Nilijua maana ya swali lake. Nilimwona akilini yule mzee wa stoo na aproni zake zilizokunjwa vizuri, na nikajua kwamba hakuna aliyekwenda kumtetea yeye, hata mmoja, na kwamba mtetezi huyo angeweza kuwa mimi.

"Huyu," nikasema. "Andika hivyo kwa bodi. Anaonja huyu, na mimi nitafundisha ninachoweza kufundisha bila pua. Ukinipeleka stoo nitakwenda."

"Stoo imejaa," akasema Mkuu, akamsogezea wifi kijiko.

Wifi akachota, akapuliza, akanywa. Hakufumba macho wala hakuhesabu. Nilimkodolea macho kwa njaa niliyokuwa sijawahi kuisikia tumboni.

"Ikoje?"

"Nzuri."

"Nzuri vipi? Usiniambie nzuri, wifi, mimi siyo mgeni. Niambie."

Akafikiri. Akanywa tena, taratibu, kwa ajili yangu sasa. "Inaanza na utamu," akasema. "Utamu wa udongo, wa kitu kilichotoka chini juzi tu. Halafu inakuja ile chachu, inakuvuta mashavu. Mfupa unasikika nyuma, mbali. Chumvi iko, lakini huioni. Ukiitafuta huioni."

"Tuipeleke?"

"Ipelekeni."

Mhudumu akanitazama mimi, kwa mazoea, akisubiri neno la mwisho. Nilikuwa na kijiko mkononi, na supu iko mbele yangu. Nikakiweka kando.

"Umemsikia," nikasema. "Ipelekeni."